Wiki Mbili za Sauti ya Nyapara

Nyapara hakuwa mtu wa kusalimia kabla reli ya kwanza haijainuliwa. Ungemkuta alfajiri amekaa kwenye toroli, blanketi limezungushwa shingoni, ukamwambia, "Hujambo, Nyapara," naye akakuinulia kidole kimoja tu, basi. Wageni walidhani ana kiburi. Mimi mwenyewe siku yangu ya kwanza, nimetoka Ukambani na heshima zangu zote za nyumbani, nilimwamkia mara tatu, na mara ya tatu nikaona nimemuudhi. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwamba sauti ya mzee huyu ni kama maji ya tangi la Maktau, haimwagwi ovyo.

Jina lake silitaji. Hata gengini hakuna aliyelitaja. Alikuwa Nyapara kwetu sote, na kwa mkewe pia.

Sauti yake aliitunza kuliko watu wengine wanavyotunza fedha. Hakunywa maji baridi, hata jua la saa sita likiwa limetukausha midomo. Chupa yake aliilaza juu ya chuma cha toroli mpaka maji yapate uvuguvugu. Hakusema kitu upepo ukiwa mbele yake. Akikutaka, hakukuita, aliokota kokoto akakurushia, na shabaha yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Nilipigwa kokoto la bega miaka mingi, na mpaka leo kitu kidogo kikinigusa begani nageuka kutazama nyuma.

Lakini sauti hiyohiyo aliyoilea kama yai aliifukiza moshi kutwa nzima. Kiko hakikumtoka mdomoni ila wakati wa kula na wakati wa kuita. Tulipomtania alitujibu, "Nyama ikikaushwa kwa moshi haiozi." Tulicheka. Ilikuwa kauli nzuri, na ilitoka kwa mtu ambaye hatukumjua kukosea.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo. Njia ya reli inayotoka Voi kwenda Taveta ilikuwa na magengi ya kuitengeneza, na sisi tulikuwa gengi moja. Reli ikichakaa huondolewa, mpya ikaletwa mahali pake. Wanaume kumi na wawili, koleo sita za chuma, wawili kwa kila koleo, mmoja huku na mmoja kule. Mkiinua pamoja ni mzigo wa kawaida. Mmoja akichelewa kufumba na kufumbua, uzito wake unamlalia mwenzake mgongoni. Ndiyo maana gengi haliongozwi kwa macho bali kwa masikio, na masikio yote yako kwa nyapara.

Manyapara wengine waliita harambee. Wetu hakuipenda. "Harambee ni ya kuvuta," alituambia. "Reli haivutwi. Reli inabembelezwa." Wito wake aliutunga mwenyewe. Wa kuinua ulikuwa hivi:

"Aliyeshika?"

"Kashika!"

"Aliyeinama?"

"Kainama!"

"Na mama yake?"

"Yuko salama!"

Kwenye salama, chuma kiko juu. Na wa kushusha aliuita taratibu zaidi, karibu kwa upole:

"Polepole kama?"

"Mtoto!"

"Mtoto kalala?"

"Kalala!"

Kwenye kalala, na si kabla, mikono yote inaachia.

Haikuwa sauti nzito. Ilikuwa nyembamba, haikulingana na kifua chake kipana, lakini ilikwenda mbali, na wachungaji wa upande wa Salaita walituambia waliisikia kabla hawajaliona toroli letu. Nami nikiwa nimeshika koleo, mikono yangu ilikuwa ikiinuka kabla sijaiamuru. Nimefanya kazi ya reli mpaka nikastaafu, nimeinua chini ya manyapara saba, na sijapata tena kujisikia mwepesi namna ile. Nilimcha mtu huyu. Sioni haya kulisema.

Ajabu ni kwamba nje ya kazi hukumsikia. Jumapili alipanda kwenda misheni ya Bura, akakaa benchi la tatu, na watu wakiimba yeye alifunga mdomo kama kabati. Padre alimwomba aingie kwaya. Nyapara akamjibu, "Padre, humu ndani sioni cha kuinua." Padre alinuna wiki nzima, halafu Jumapili iliyofuata akaisimulia mwenyewe kanisani huku anacheka. Nyumbani aliyesema ni mkewe, mama mchangamfu aliyekuwa akishusha kabichi na nyanya kutoka Bura kuja kuuza Voi. Alisema kwa niaba ya watu wawili. Tukamtania Nyapara kwamba yeye hakuoa mke, alioa mdomo, naye akainua kidole.

Jambo jingine alilolishika ni kutasa. Kwa Wataita, hasira iliyofichwa moyoni haimwumizi aliyenayo peke yake. Inamwendea yule anayekasirikiwa, ikampa ugonjwa au ajali, hata kama mwenye hasira mwenyewe hataki imdhuru. Dawa yake ni kuitoa. Unachukua funda la maji, au la mbangara, ile pombe yao ya miwa, unalipuliza nje, na unatamka kwa kinywa chako kwamba moyo wako umetulia, mwenzako awe na amani. Maji bila maneno si kitu. Kwetu Ukambani wazee nao hubariki kwa mate, kwa hiyo sikushangaa sana. Lakini sikuwa nimeona mtu akiifanya kuwa sheria ya kazi. Wawili wakigombana gengini, Nyapara hakuwaruhusu kugusa koleo mpaka watase mbele yetu sote, awe Mtaita, awe Mkamba, awe Mjaluo. "Hasira haibebi reli," alisema. Na wakishatasa, aliwapanga koleo moja.

Mtu huyo aliyetutoa hasira zetu kama mtu anavyotolewa mwiba, alikaa na moja yake miaka minne. Ilikuwa hasira juu yangu.

Ilikuwa kwenye kona ya karibu na Salaita. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekunywa, na asubuhi ile mikono yangu haikuwa yangu. Tuliinua vizuri, tukatembea nayo vizuri. Nyapara alikuwa amesimama karibu, upande wangu, akitazama mahali pa kuilaza. Akaita, "Polepole kama?" tukaitikia. Akaita, "Mtoto kalala?" na kabla wenzangu hawajafungua kinywa, mimi nikaachia. Upande mmoja wa reli ukaanguka, ukamkuta Nyapara mguuni. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilisagika ndani ya kiatu.

Bwana wa njia, mkubwa wetu wa reli, alipokuja kuuliza, Nyapara alikuwa ameketi juu ya taruma la kulazia reli, mguu umefungwa kwa shati la mtu. Akasema, "Nilikosea kuita." Maneno mawili. Yakaandikwa. Alikuwa amekwisha ahidiwa gengi la njia kuu pale Voi, na nyumba ya mawe, akae karibu na soko la mkewe. Baada ya Salaita ahadi hiyo haikutajwa tena. Alibaki na sisi, akichechemea.

Nilijua. Naye alijua, mtu aliyesikia gengi lake namna ile hawezi kukosa kujua ni koleo lipi lililoachia. Nilingoja aniambie neno. Hakuniambia. Nikajiambia kwamba kama yeye amenyamaza, mimi ni nani nianze. Ndivyo mwoga anavyojipatia sababu.

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza tulidhani ni vumbi la Maktau. Mkewe akampikia tangawizi, akampaka mafuta ya kondoo kooni. Miezi ikapita. Siku moja aliita "Aliyeinama?" na katikati neno likakatika, tukabaki tumeinama na koleo mikononi, hakuna aliyethubutu kuinua wala kusimama. Alikohoa, akaita tena tangu mwanzo. Jioni ile alikitoa kiko mdomoni, akachimba kokoto kwa kisigino, akakifukia palepale njiani. Alikuwa amechelewa, lakini hilo hatukulijua.

Hospitali kubwa ya Mombasa alikwenda na mkewe, na mkewe ndiye aliyetusimulia, hakuacha kitu. Daktari Mzungu alimwingiza kijioo kinywani, akatazama, akaita mwenzake naye akatazama. Dresa, msaidizi wa hospitali, akawa mkalimani. Ugonjwa ulikuwa kansa ya koo. Wengi wetu neno hilo tulikuwa hatujalisikia. Mmoja gengini alidhani ndilo jina la daktari. Dawa ilikuwa kumpeleka Nairobi, kumkata, kukitoa kile kisanduku cha sauti chote, na kumwachia tundu shingoni la kupumulia.

"Nitakula?" Nyapara akauliza.

"Utakula."

"Nitatembea?"

"Utatembea."

"Nitaita?"

Dresa hakuelewa kuita ni kuita nini. Mkewe akaeleza. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Hata kunong'ona, akasema, hatanong'ona.

"Na nisipokatwa?"

"Mvua za mwakani hutaziona."

Mkewe alituambia kwamba hapo Nyapara aliinua kidole kimoja. Kisha akaomba mwezi mmoja. Daktari akasema aingie gari la kesho. Wakavutana kama watu wa mnadani, na mwisho akapewa wiki mbili. Daktari akamuuliza wiki mbili hizo ni za nini, naye akasema, "Nina watu wa kuongea nao."

Sisi tulidhani anarudi kutuita. Siku aliyofika, gengi zima tulijipanga, koleo tayari, na hata bwana wa njia alikuja na gari lake na kofia yake asikie kwa mara ya mwisho. Nyapara akatutazama mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, akashuka kwenye toroli, akaenda zake akichechemea. Wengine walisikitika. Mmoja alisema, "Yaani hata reli moja?" Hatukuelewa kwamba alikuwa na maneno machache yaliyobaki na alikwisha yagawa.

Wiki mbili hizo alizimaliza kwa miguu na kwa magari ya mizigo, chupa ya maji mkononi, akimtafuta kila mtu ambaye yeye alipata kumkasirikia. Alikwenda Mwatate kwa ndugu yake, ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Alishuka Taveta kwa mwanamke mmoja wa ndizi. Aliingia duka la Mhindi mmoja pale Voi aliyewahi kumwita mwizi mbele ya watu, akasimama katikati ya magunia, akavuta funda, akalipuliza kwenye sakafu. Mwenye duka alikimbilia tambara. Halafu akasikia yale maneno, ya sauti iliyokwaruzika, kwamba duka lako liwe na heri, watoto wako wawe wazima, sina neno nawe tena. Akaliweka tambara chini. Akaenda mwenyewe kumletea glasi nyingine ya maji, akidhani ndiyo desturi.

Kila sentensi ilimgharimu. Mkewe alisema kitambaa chake cha mdomoni kilikuwa na damu kila jioni, na alimsihi aandikiwe barua zipelekwe badala yake. Alikataa. Nikikumbuka wiki mbili zile nashindwa kumlinganisha na mtu yeyote niliyemjua. Mtu anapewa sauti ya siku kumi na nne, na hamlilii mtu, hajiimbii, haiti hata wito wake mwenyewe ambao sisi tungetoa mshahara kuusikia. Anaitumia kuwaondolea hatari watu waliomkosea.

Siku moja kabla ya kupanda gari la Nairobi alikuja kwangu, kwenye nyumba za reli, saa tisa mchana. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilipomwona mlangoni na chupa ile, nilijua kilichomleta.

"Mkamba," akasema. Sauti ilikuwa imebaki uzi. "Kuna neno juu yako kwangu. La Salaita. Nimekuja nilitoe."

Nikasema, "Nyapara, sisi hatuna neno. Wewe ni baba yangu. Kaa unywe chai."

"Si neno lako. Ni langu." Akangoja koo limtulie. "Nikienda nalo huko, litabaki bila kinywa. Litakuangukia wewe." Akavuta funda la maji.

"Kule Salaita ilikuwa ajali tu, Nyapara. Ulisema mwenyewe."

Nililisema hilo. Nililisema nikimtazama usoni. Angeweza kuyapuliza maji hata hivyo, lakini huwezi kumwondolea mtu neno ambalo anakataa kwamba lipo. Ni kama kushusha reli ambayo haijainuliwa. Kisha akayanywa yale maji aliyokuwa amejitilia mdomoni, akayameza kwa shida, macho yakamtoka machozi ya maumivu. Akasema, "Asante, chai sitaki," akaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, kuhusu chai.

Alikatwa, akapona. Habari ilifika kwamba yuko hai, amerudi Bura, hashuki tena bondeni. Gengi letu likapewa nyapara mwingine, kijana mwenye sauti kubwa, akaita harambee, na kazi ikaenda. Mimi ndiye sikwenda. Mimi ni Mkristo, nami ni Mkamba, mambo ya Wataita hayakunihusu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mchana. Lakini homa ikinishika nilijua ni nini. Mtaimbo ukiniteleza nilijua ni nini. Niliogopa koleo. Kila tukiinua niliona mguu wa mtu upande wangu. Mwishowe niliomba nipewe sepetu ya kokoto, kazi ya wazee, na wenzangu wakanicheka, na nikawaacha wacheke.

Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja ya mapumziko nilijaza chupa maji, nikapanda Bura.

Nilimkuta kwenye tuta la kabichi, mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda, lakini mgongo ulikuwa uleule. Shingoni alivaa kitambaa cheupe, na chini yake kulikuwa na kibomba cha chuma; pumzi ilipopita hapo ilitoa mluzi mdogo. Aliponiona aliinua kidole kimoja.

Mkewe akatoa viti, akatoa uji, akanipa habari zote za Bura bila kupumua. Niliweka chupa yangu chini kati yetu. Akaitazama, akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumwona mama yule akinyamaza.

"Nyapara," nikasema, "Salaita ni mimi. Niliachia kabla. Nilikuwa nimekunywa. Nawe ulipokuja kwangu nilikudanganya, maana niliona aibu. Nimekuja, na nimechelewa. Najua kinywa hakipo."

Hakuonyesha mshangao wowote. Aliinama akaokota kokoto kwenye tuta, nami nikajikaza bega. Lakini hakunirushia. Alianza kugonga nalo kwenye ubao wa kiti chake.

Mgongo wangu uliutambua kabla ya masikio. Ulikuwa wito wa kushusha. Ko-ko-ko-ko, ko-ko. Polepole kama?

"Mtoto," nikasema.

Akagonga tena, taratibu. Mtoto kalala? Na hapo akasimamisha kokoto hewani, hakuliteremsha. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Nilipoitazama mimi pia, niliona imekunja ngumi kama imeshika koleo. Gengini wito huo haukuwa na kituo pale. Hiki alikiweka kwa ajili yangu. Alikiacha kirefu. Mluzi wa shingo yake ulikwenda na kurudi, vidole vyangu vikaanza kuuma, jasho likanitoka, nikatamani kuachia nimalize. Sikuachia. Nilingoja mpaka atakapotaka yeye.

Akagonga mara moja.

"Kalala," nikasema, na mikono ikafunguka.

Nyapara akaichukua chupa, akajaza mashavu. Pumzi ya kupuliza hakuwa nayo tena, ilikuwa inatokea shingoni, kwa hiyo aliyasukuma maji kwa mashavu matupu. Mengi yalimwagika kifuani kwake. Machache yakaruka mpaka kwenye kiatu changu.

"Amani imefika," mkewe akasema kwa niaba yake, akaenda kumtafutia shati kavu.